Je, niiendeshe ndege ya tajiri asiyependa kuambiwa hapana?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu zimebaki wiki chache nitakiwe kutoa jibu kuhusu ajira niliyopewa, na kila ninayemshirikisha jambo hili hunijibu kwa hofu zake au kwa matumaini yake, si kwa kuitazama hali yangu.

Mimi ni rubani msaidizi katika shirika la ndege lenye safari za ratiba. Tunarusha ndege za pangaboi, kazi ninaifahamu, na wenzangu ni watu wema. Hata hivyo, mshahara umesimama palepale kwa muda mrefu, na orodha ya ukongwe inayotumika kupandisha watu kuwa makapteni haisogei, kwa kuwa walionitangulia ni vijana wa rika langu na hakuna anayekaribia kustaafu. Nina mke, na tunatarajia mtoto wetu wa pili.

Miezi michache iliyopita, rafiki niliyesoma naye chuo cha urubani aliniunganisha na mfanyabiashara mmoja anayemiliki jeti ndogo kwa ajili ya shughuli zake. Anatafuta rubani wa pili. Mshahara anaoutaja unakaribia mara mbili ya ninaopata sasa, bima ya afya itagharamia familia yangu yote, na mafunzo ya kunipa idhini ya kurusha aina hiyo ya ndege atayalipia yeye. Ameahidi pia kwamba baada ya mwaka mmoja, kapteni wake akiridhika nami, nami nitakuwa kapteni. Kwa mtu ambaye kitabu chake cha kumbukumbu za urubani hakina hata saa moja ya jeti, huo ni mlango ambao huenda usifunguke tena.

Shida ni mwenye ndege. Fani yetu ni ndogo na sifa zake zinajulikana. Marubani kadhaa wa pili wameondoka kwake kwa kufuatana, mmoja wao kabla ya kumaliza muda wa majaribio. Inasemekana hupiga simu usiku wa manane kuagiza safari ya alfajiri, kisha yeye mwenyewe hufika alasiri. Huwagombeza wafanyakazi wake mbele ya wageni. Siku ya usaili nilimsubiri tangu asubuhi hadi jua likakaribia kutua, na aliponiita hakugusia kuchelewa kwake. Aliniuliza maswali machache tu, na la mwisho lilikuwa hili: “Rubani aliyeondoka alikuwa anaogopa kila wingu. Wewe unaogopa mawingu?” Nilimjibu kwamba ninayaogopa yale yanayostahili kuogopwa. Akacheka, nami nikacheka. Mpaka leo sijui kama tulikuwa tunacheka jambo moja.

Kapteni wake, mtu mzima aliyemtumikia kwa muda mrefu, alinisindikiza hadi nje akaniambia, “Ukiweza kumeza maneno, utakaa. Kwenye chumba cha marubani huwa haingii.” Nilitamani kumuuliza zaidi, lakini simu yake iliita, akaniaga haraka.

Mkataba wenyewe unanitaka nitumikie miaka 3, na nikiondoka kabla ya hapo nirudishe gharama yote ya mafunzo. Hauna mstari hata mmoja kuhusu mapumziko au siku za likizo, unasema tu kwamba rubani “atakuwa tayari wakati wowote atakapohitajika.” Nilipouliza kama kipengele hicho kinaweza kurekebishwa, msaidizi wa mfanyabiashara huyo aliniambia kwamba wenzangu waliusaini ulivyo.

Mke wangu anaona tusiikatae riziki kwa sababu ya maneno ya watu. Kaka yangu ananikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rubani mwenzangu kazini ananiambia nisithubutu. Mimi mwenyewe nililelewa na baba mkali sana, kwa hiyo makaripio hayanitikisi, na ninaamini ninaweza kumvumilia mtu yeyote kwa miaka 3 kisha nikaondoka nikiwa na saa za jeti na ukapteni. Lakini usingizi umenipaa. Je, ninaogopa bure?

Wako,
Rubani Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba hukumpaka matope mtu ambaye bado hujamfanyia kazi. Umetenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia, na tabia hiyo itakufaa katika uamuzi huu.

Nikikuelewa vizuri, umeweka upande mmoja mshahara, jeti na ukapteni, na upande wa pili ukaweka tabia ya mtu mmoja, kisha unaniuliza kama uvumilivu wako unatosha kuubeba upande huo wa pili. Ukiliweka swali hivyo, jibu linaonekana kukutegemea wewe tu: kama una kifua, nenda. Nakuomba tulitazame kwa namna nyingine kidogo, kwa sababu naona mambo mawili yasiyofanana ambayo wewe umeyafunga katika furushi moja.

Kuna ukali unaoishia kwenye maneno na saa: simu za usiku, kuchelewa bila kuomba radhi, kumgombeza mtu mbele ya wageni. Huo unaumiza heshima ya mtu na utulivu wa nyumba yake, na kila mmoja ana haki ya kujipimia kiasi anachoweza kuuvumilia na kwa malipo gani. Kuna pia shinikizo linaloufikia uamuzi wenyewe wa kuruka au kutoruka, kutua au kugeuza ndege kwenda kiwanja kingine. Hili la pili haliponi kwa uvumilivu. Rubani anayelivumilia ndiye anayelipatia nafasi.

Ndiyo maana sikuweza kulipita haraka lile ulilolisema kuhusu baba yako. Unaamini kwamba malezi yale yalikukomaza, na huenda ni kweli. Lakini mtoto wa mzazi mkali mara nyingi hujifunza na jambo jingine: kumsoma mkubwa usoni na kumtuliza kabla hajawaka, hata bila yeye kuombwa kufanya hivyo. Sisemi kwamba wewe ndivyo ulivyo, kwa kuwa sikufahamu kiasi hicho. Nakuomba tu ukumbuke nyakati ambazo kapteni wako wa sasa alikuwa na haraka au hasira, nawe ukaona kitu ambacho hakikukupendeza. Ulisema mara ile ile, au ulingoja uone kama kitajirekebisha chenyewe? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko idadi ya makaripio unayoweza kuyameza.

Nakukumbusha ajali ya helikopta iliyotokea Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, ambamo Kobe Bryant na watu wengine 8 walipoteza maisha. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza na haikupata ushahidi kwamba mteja au kampuni ilimshinikiza rubani aingie kwenye mawingu yale. Miongoni mwa mambo iliyoyataja kuwa yalichangia ni shinikizo ambalo yaelekea rubani alijiwekea mwenyewe. Kwa maneno mengine, abiria anaweza kuwa mpole na asiseme neno, na bado hamu ya kutomwangusha ikamfikisha rubani mahali pabaya. Sasa ongeza juu ya hamu hiyo tajiri ambaye siku ya usaili tu amekwisha kukueleza anamwonaje rubani anayeogopa mawingu.

Shinikizo la wazi nalo lipo, na limeandikwa katika ripoti rasmi. Jeti ya kukodi aina ya Gulfstream III ilianguka Aspen, Colorado, tarehe 29 Machi 2001 ilipokuwa ikijaribu kutua jioni katika hali mbaya ya hewa, na wote 18 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kilikuwa kushuka chini ya kimo kinachoruhusiwa bila kuiona njia ya ndege. Kati ya yaliyochangia, walitaja shinikizo la mteja aliyeikodi ndege hiyo, pamoja na ucheleweshaji uliowafikisha karibu na saa ambayo ndege kama ile isingeruhusiwa tena kutua pale. Nakuomba uusome tena mstari wako kuhusu mtu anayeagiza safari ya alfajiri na kutokea alasiri. Uliuandika kama kero. Kwenye ratiba ya rubani, abiria anapochelewa, mchana unaweza kugeuka usiku, utabiri wa hali ya hewa uliousoma unapitwa na wakati, na mwili ulioamshwa usiku wa manane unaombwa ufanye sehemu ngumu ya kazi mwishoni mwa siku.

Hapa kimya cha mkataba wako kuhusu mapumziko kinanitia shaka kuliko makaripio yote. Katika shirika lako la sasa, saa za kazi na za kupumzika zinalindwa na kanuni ambazo hata bosi wako hawezi kuzivunja apendavyo. Safari binafsi zisizo za kibiashara mara nyingi huendeshwa chini ya kanuni nyepesi zaidi. Nchini Marekani, kwa mfano, safari za namna hiyo huangukia Sehemu ya 91 ya kanuni za anga, ambayo kwa kawaida haimwekei rubani wa ndege ya kampuni kikomo cha saa za kazi kama kile ambacho Sehemu ya 135 inawawekea marubani wa ndege za kukodi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamtaka mwendeshaji wa jeti binafsi awe na mpango wa kudhibiti uchovu, lakini mpango huo hautakusaidia kama haujaandikwa na hakuna anayeufuata. Uliza kwa mamlaka ya anga inayoisimamia ndege hiyo ni kanuni zipi zitakazokuhusu, kisha uliza kwa tajiri huyo kama upo mwongozo wa uendeshaji na unasema nini kuhusu mapumziko. Mwongozo ukiwepo, utakuonyesha mengi. Usipokuwepo, umejua jambo.

Tumrudie kapteni, ambaye naona umempa nafasi ndogo mno katika barua yako. Utakayekaa naye bega kwa bega si tajiri, ni yeye. Alikwambia kwamba mwenye ndege haingii katika chumba cha marubani, na huenda ni ukweli mtupu, tena wa kutia moyo. Inawezekana mzee huyo ndiye ukuta unaozuia ukali usipenye, na kwamba kwa miaka yote amekuwa akisema hapana pale inapostahili na bado ana kazi yake. Inawezekana vilevile kwamba haingiliwi kwa sababu hajawahi kumkatalia. Mimi na wewe hatuwezi kujua kutoka hapa, lakini kuna swali linaloweza kufichua hilo. Mwombe mzungumze kwa utulivu, kisha umuulize ni lini mara ya mwisho aliahirisha au kugeuza safari ya tajiri wake, na nini kilifuata. Rubani wa muda mrefu asiyekuwa na hata kisa kimoja cha kukueleza atakuwa amekueleza jingine.

Muulize pia kuhusu utaratibu wao wa kila siku: je, orodha za ukaguzi husomwa kwa sauti, kila mara, hata tajiri akiwa amekwisha kukaa na kukunja uso? Je, huenda kwenye kituo cha mafunzo cha nje kila mwaka, ambako mkufunzi asiyewajua huwatazama wakifanya kazi? Nasema hivi nikikumbuka ajali ya Gulfstream IV ya tarehe 31 Mei 2014 huko Bedford, Massachusetts. Marubani wake wawili walikuwa wamezoeana kwa miaka mingi, na walijaribu kuruka vifaa vya kuongozea ndege vikiwa bado vimefungwa. Watu 7 walikufa. Kumbukumbu za ndege zilionyesha kwamba katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi kamili wa vifaa hivyo ulifanyika katika safari 2 tu. Timu ndogo isiyokuwa na jicho la nje huweza kupotoka taratibu bila mwovu yeyote kuhusika.

Kuna mengine uliyoyachukulia kuwa yamethibitika ambayo ningependa uyachunguze kabla ya kuyajengea. Unadhani walioondoka walikimbia tabia ya mtu. Labda. Lakini marubani wa pili wa jeti binafsi huondoka kwa sababu nyingi, ikiwemo kupata nafasi katika mashirika makubwa. Watafute wawili kati yao. Usiwaulize “yukoje?” kwa maana utapewa hadithi, waulize kama waliwahi kuombwa kuruka wakati hawakutaka, kama mshahara ulilipwa kwa wakati, na kama fundi alipoandika hitilafu ndege ilisimama hadi ikatengenezwa. Hilo la mwisho mtu hulikumbuka vizuri.

Unadhani pia kwamba ukapteni baada ya mwaka mmoja uko mikononi mwa tajiri na kapteni wake. Kampuni ya bima ya ndege nayo ina neno, kwa kuwa mara nyingi huweka kiwango cha chini cha saa na uzoefu kwa rubani mkuu, na jeti binafsi kwa kawaida huruka saa chache kwa mwaka kuliko ndege ya shirika. Mwaka wako mmoja huenda ukakupa saa pungufu ya unazozitarajia. Ahadi hiyo iandikwe, pamoja na masharti yake. Na unaposema utavumilia miaka 3 kisha uondoke, kumbuka kwamba ukirudi kwenye shirika lolote linalofuata ukongwe utaanza mkiani mwa orodha, hata ukiwa na saa zako za jeti.

Kuhusu deni la mafunzo, si jambo geni katika fani yenu, na mwajiri anayelipia mafunzo ghali ana haki ya kujilinda. Linalonisumbua ni kwamba limebaki zima hadi siku ya mwisho. Marubani wengi husaini makubaliano ambamo deni hupungua kila mwezi wanaotumikia. Kwako, ukifika mwaka wa tatu na kuombwa uruke siku usiyotaka, deni bado litakuwa limekamilika kama siku ya kwanza, nalo litakuwa limekaa nawe katika chumba cha marubani hata kama tajiri haingii. Uliza linapunguaje. Uliza linakuwaje ukiachishwa kazi, au ndege ikiuzwa, jambo ambalo mwenye ndege anaweza kuliamua wakati wowote bila kukuuliza. Uliza kama atakubali kuandika kwamba rubani aliyekataa safari kwa sababu ya usalama hataadhibiwa kwa hilo. Mwanasheria wa kazi ausome mkataba huo kabla ya mkono wako kuugusa. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na deni hilo.

Njia hazikuishia mbili. Baadhi ya wenye ndege huzikabidhi kwa kampuni za usimamizi, ambazo ndizo huajiri marubani, kupanga mapumziko na kusimama kati yao na tajiri. Yafaa kujua kama amewahi kulifikiria hilo. Wengine huanza na rubani kwa mkataba wa siku, safari kwa safari, kila upande ukaupima mwingine, ingawa kwako kuna kikwazo cha idhini ya kurusha aina ya ndege hiyo na ruhusa ya mwajiri wako wa sasa. Na kubaki ulipo si usalama mtupu. Ukibaki kwa hofu, bila kuchunguza, unaweza kukaa kwenye orodha ile isiyosogea huku ukiilaumu nyumba yako kwa jeti uliyoikosa, na mkeo hatastahili hilo. Ukibaki kwa kuwa uliuliza na ukasikia majibu, utabaki kwa moyo mwingine.

Kaka yako amesema kweli kuhusu kuinama, ila yeye hajui, na hata wewe bado hujui, ni nini hasa kilichomo mvunguni humo. Mkeo naye ana haki ya kutetea riziki ya watoto wake. Je, umempa kuusoma mkataba wenyewe, au umemweleza mshahara tu? Mweleze maana ya “wakati wowote atakapohitajika” mama atakapokuwa na kichanga usiku nawe simu inaita. Huenda atasema bado anakubali, na hapo mtakuwa mmekubali wawili mkiwa mnajua.

Umeniuliza kama unaogopa bure. Sidhani. Hofu yako inaonekana kuwa imegundua kitu ambacho hukukipa nafasi katika hesabu zako, lakini haijakwambia bado kwamba kazi hii haifai. Huenda ikawa nzuri chini ya kapteni imara na mkataba uliorekebishwa. Kwa sasa, kabla ya jibu la ndiyo au la, ningemwandikia msaidizi wa tajiri huyo barua fupi ya heshima, ya kuomba wiki mbili zaidi na kutaja vipengele vitatu unavyotaka vizungumzwe: mapumziko, kupungua kwa deni, na ulinzi wa rubani anayekataa safari kwa sababu ya usalama. Ombi hilo ni dogo, na ni la kawaida kati ya watu wanaotaka kufanya kazi pamoja. Angalia linavyopokelewa, na nani anayelijibu, kisha uniandikie tena.